Songea iko kusini kuliko Mtwara: jibu kwa mwalimu aliyepangiwa Newala

Swali: Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, mzaliwa wa Moshi. Nimepangiwa shule ya sekondari wilayani Newala, mkoa wa Mtwara. Tangu majina yatoke, nyumbani pamekuwa kama pana msiba. Shangazi anasema kusini ni mbali mno, watu wa huko hawapendi shule, ni ngoma na uchawi tu. Niliosoma nao chuo wananiuliza nimemkosea nani wizarani. Sifa hizi zimetoka wapi, na zina ukweli gani? Na mbona Mbeya nayo iko kusini, lakini hakuna anayemlilia mtu aliyepangiwa Mbeya?

Jibu: Mwalimu, kwanza hongera kwa ajira. Nitaanza na sentensi yako ya mwisho. Umeitupa kama nyongeza, kumbe ndiyo iliyobeba jibu.

Tafuta ramani ya Tanzania, hata ile ya ukutani darasani inatosha. Weka kidole Mtwara mjini, kisha kivute moja kwa moja kwenda magharibi hadi usawa wa Songea. Utakuta Songea iko chini zaidi ya kidole chako, upande wa kusini. Mtwara ipo nyuzi 10 na dakika 16 hivi kusini mwa ikweta, Songea nyuzi 10 na dakika 41. Kwa dira, Mngoni wa Songea ni mtu wa kusini kuliko Mmakonde wa Mtwara. Ila ingia stendi yoyote useme "watu wa kusini" uone nani atageuka. Watageuka watu wa Lindi na Mtwara. Wa Songea hatageuka, na wa Mbeya wala hatajua kuwa kuna aliyeita.

Panda sasa upande wa kwenu. Moshi na Arusha ni "kaskazini", tena kwa majivuno. Lakini Mwanza iko kaskazini kuliko Arusha, Musoma na Bukoba ndiyo kabisa. Hao wakaitwa Kanda ya Ziwa. Kigoma wana ziwa la maji baridi lililo refu kuliko yote duniani, Kyela wana Nyasa, na wote wawili hawamo katika Kanda ya Ziwa. Dar es Salaam nayo ni mkoa kama mikoa mingine kisheria, ila mkazi wa Sinza akisafiri kwenda Morogoro husema anakwenda mikoani.

Kwa hiyo pande hizi tunazozitaja kila siku hazitokani na jua wala dira. Nyingi ni majina ya majimbo ya Waingereza, waliokuwa na Jimbo la Kaskazini makao yake Arusha, Jimbo la Ziwa makao yake Mwanza, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, na Jimbo la Kusini ambalo makao yake yalikuwa Lindi kabla ya kuhamia Mtwara. Majimbo yalivunjwa mara baada ya Uhuru ikaja mikoa, lakini majina yalibaki midomoni, na kila jina likabaki na sifa yake.

Wakati huo Songea ilikuwa ndani ya Jimbo la Kusini, pamoja na Lindi, Masasi na Newala. Imetokaje humo katika mazungumzo ya watu? Kwa barabara. Katikati ya miaka ya 1980 Songea iliunganishwa kwa lami na Makambako, mahindi yake yakawa yanapanda kwenda Njombe na Iringa, na Ruvuma ikahesabiwa na Iringa, Mbeya na Rukwa kama mikoa minne inayolisha nchi. Barabara ya upande wa pili, ya kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi, ilibaki vumbi na matope kwa miaka 30 hivi zaidi. Songea haikusogea hata hatua moja, ila uso wake uligeuzwa, na watu waliopata njia ya kuifikia wakaacha kuiita kusini kwa ile sauti ya shangazi yako.

Tuje kwenye "mbali mno". Dar hadi Moshi kwa barabara ni kama kilometa 560. Dar hadi Mtwara nayo ni kama kilometa 560. Muulize shangazi kama anaona Dar ni mbali na Moshi. Atakwambia unapanda basi alfajiri, jua likizama umeshafika. Kilometa ni zile zile, tofauti ilikuwa kilichokuwa katikati. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Upande wa kusini kulikuwa na mto Rufiji bila daraja mpaka mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa lenye urefu unaokaribia kilometa moja. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni ya Ndundu, na pantoni ikiharibika au mto ukifurika, ulilala hapo hapo na mbu wa Rufiji. Ukishavuka, udongo wa mfinyanzi wa kati ya Ndundu na Somanga ulikuwa unameza mabasi msimu wa masika. Kipande hicho cha kilometa 60 hivi ndicho kilichochelewa kuliko vyote kuwekwa lami, kikaisha katikati ya miaka ya 2010. Watumishi wa miaka ya 1980 na 1990 wanasimulia safari za siku kadhaa, na hawaongezi chumvi. Shangazi yako anasimulia barabara ya wakati huo; kosa lake ni kudhani bado ipo.

Na kwa nini Rufiji haikupata daraja mapema? Hapo lazima turudi nyuma.

Mkoa wa Lindi ndiko iliko Kilwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaiandika kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote aliyoiona. Utajiri wake ulitokana na jiografia ile ile ambayo leo tunaisikitikia. Chombo kilichotoka Arabuni au Bara Hindi na upepo wa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kufanya biashara na kurudi na kusi katika msimu mmoja. Kikienda zaidi kusini, kilihatarisha kukwama mwaka mzima. Basi dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, ililetwa Kilwa, na Kilwa ikatoza ushuru. Kwa karne kadhaa kusini palikuwa ndipo mahali pa kufika. Katika maelezo yake hayo hayo Ibn Battuta anasema kwamba wengi wa watu wa Kilwa walikuwa weusi sana na walikuwa na chale usoni. Anataja chale kama vile angetaja kanzu, hakuna dharau ndani yake. Miaka 600 baadaye, chale hizo hizo kwenye uso wa Mmakonde aliyeshuka Dar zilitosha kumfanya aitwe mshamba kabla hajafungua mdomo. Alama ni ileile. Ila safari hii mwenye alama ametoka mahali pasipo na dhahabu.

Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, na njia za biashara zikahama. Karne ya 19 Kilwa nyingine, Kilwa Kivinje, ilikua tena, safari hii kwa kusafirisha watu. Misafara ilitoka pande za Ziwa Nyasa ikipita katikati ya nchi hiyo ya kusini, na waliouzwa walifika Unguja wakiitwa kwa majina ya walikotoka: Mnyasa, Myao, Mngindo. Mtu akisikia jina la kabila lako akafikiria utumwa, sifa hiyo haifutiki kwa mkataba wa kufunga soko la watumwa wa mwaka 1873. Inashuka kizazi hadi kizazi na kugeuka mzaha, na wanaoucheka hawajui ulikotoka.

Hapa ndipo inapoingia Newala yako, na naomba unisikilize vizuri maana utaishi juu yake. Uwanda wa Makonde ni mchanga mzito unaonyonya mvua yote. Juu kabisa hakuna mto wala chemchemi. Kwa vizazi, wanawake walishuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo mtungi kichwani. Mgeni akiona hivyo husema, watu gani hawa wanaokaa pasipo maji? Walikaa pale kwa makusudi. Kichaka cha uwanda ule kilikuwa kizito kiasi kwamba msafara wa watumwa au kikosi cha wavamizi kilipotea ndani yake. Walinunua usalama kwa shida ya maji. Baadaye wakaandikwa kuwa ni watu wa porini, wakali, wasiopenda wageni, na hakuna aliyeuliza wageni waliowazoea walikuwa wanakuja kufanya nini. Mabomba ya mradi wa maji wa Makonde yalianza kufika miaka ya 1950. Maji bado ni tatizo katika vijiji vingi, na hilo siwezi kukuficha: tafuta nyumba yenye kisima cha kuvunia mvua, na uulize jambo hilo kabla ya kuuliza kodi.

Kisha ikaja Maji Maji. Ilianza Julai 1905 Nandete, katika milima ya Matumbi wilayani Kilwa, kwa kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mazao na maghala, na makadirio ya baadhi ya wanahistoria yanafika watu 250,000 hadi 300,000 waliokufa hadi 1907, wengi wao kwa njaa. Nchi iliyobaki bila watu ilijaa pori, pori likaleta wanyama na mbung'o. Mwaka 1922 Waingereza waliunda pori la akiba la Selous, likapanuliwa tena na tena. Miaka ya 1940 watu wa sehemu za Liwale walihamishwa, sababu ikitajwa kuwa malale. Kwa hiyo ule msitu mkubwa uliokaa kati ya Dar na kusini, unaotajwa katika vipeperushi vya utalii kama ardhi ambayo haijaguswa na binadamu, umeguswa sana. Sehemu yake ni mashamba na makaburi ya watu. Sioni mfano mwingine nchini unaoonyesha vizuri hivi namna vita, kisha sheria, vinavyotengeneza "umbali", halafu umbali huo ukaelezwa kama kazi ya Mungu.

Waingereza wenyewe walikuwa wakiliita Jimbo la Kusini jina la utani: Cinderella, yule binti wa hadithi anayeachwa jikoni. Mwaka 1947 walikuja na mradi wao wa karanga, mmoja wa maeneo yake ukiwa Nachingwea. Wakajenga reli, wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara iliyofunguliwa 1954, ilhali mradi wenyewe ulikuwa umeshakufa mwaka 1951. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kumbuka hilo utakaposikia habari za gesi. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipoandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar, wakisema gesi haitoki, magazeti mengi na watu wengi wa mikoa mingine waliwaona wabinafsi, wasioelewa kuwa rasilimali ni ya taifa. Inawezekana kabisa kubishana nao kuhusu bomba. Lakini hao ni watu ambao wazee wao waliona reli ikija kwa shangwe na kuondoka kwa vipande. Aliyeandika habari bila reli ndani yake aliandika nusu.

Miaka ya 1960 mpaka wa mto Ruvuma, kati yetu na Msumbiji, ukawa uwanja wa vita. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi Nachingwea, kiongozi wao Samora Machel alikuwa hapo, na ng'ambo ya mto walikuwepo Wareno. Kusini ikawa mahali pa wanajeshi na vibali. Katika miaka hiyo na iliyofuata ikakomaa ile kauli ya watumishi: ukigombana na mkubwa wako, utapelekwa kusini. Naiona kauli hii kuwa na madhara kuliko nyingine zote katika orodha ya shangazi, kwa sababu ilijitimiza. Mtumishi aliyepelekwa akijiona ameadhibiwa hakufungua mizigo. Alifundisha au kutibu huku akiandika barua za uhamisho, na aliporudi alisimulia habari za huko kwa macho ya mfungwa aliyetoka. Wanafunzi wake wakifeli, kosa ni lao, hawapendi shule. Wewe mwenyewe umeulizwa umemkosea nani. Waliokuuliza hawajafika Newala; wamerithi mdomo wa watu waliokaa huko kwa kinyongo.

Kuhusu kutopenda shule, mtajie shangazi Masasi. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Unguja walifika Masasi mwaka 1876, wakaanzisha elimu mapema kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Chidya na Ndanda ni majina ya shule yanayojulikana kwa yeyote aliyesoma enzi za wazazi wako. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi. Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu tangu 2015 hadi 2025, ni wa Ruangwa, Lindi. Ukweli uliopo ni huu: shule zilikuwa chache nje ya misheni, walimu walikuwa wanakimbia, matokeo ya mitihani kwa miaka mingi yalikuwa mabaya, na msimu wa korosho mahudhurio hutetereka kwa sababu mikono ya watoto inahitajika shambani. Haya utayakuta. Jando na unyago pia utavikuta, na utagundua kuwa mzazi anayetumia fedha ya korosho kumcheza mwanawe anaiona hiyo kuwa elimu. Usianze kazi kwa kubishana naye katika hilo. Uchawi siusemei, nimeona kila mkoa ukiuhamishia mkoa wa pili.

Kuna jambo jingine la kufurahisha kidogo, kama si la kusikitisha. Miaka ya 1980 na 1990 vijana wa Lindi na Mtwara walimiminika Dar kuuza bidhaa mkononi. Wamachinga ni kabila dogo la mkoa wa Lindi. Jina lao likabandikwa kwa vijana wote wa kusini wauza soksi, kisha kwa wauza soksi wote, kisha likaingia katika hotuba na matangazo ya serikali. Leo Mchagga mwenzako mwenye meza ya simu Mwanza anaitwa machinga, naye haoni ajabu. Kabila zima limegeuka kazi, na Mmachinga halisi wa Lindi aliye daktari hana tena jina lake peke yake. Ziko hata hadithi zinazolitafutia jina hilo asili ya Kiingereza, eti ni mtu anayetembea-tembea. Kuwakumbuka wenyewe kulionekana ni kazi kubwa mno.

Lakini usiende ukidhani kusini ni watu wanaosemwa tu. Wao pia wanasema. Wamakonde wa uwanda wa Newala kwa muda mrefu waliwaita wenzao waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, Wamawia, na haikuwa sifa njema: washamba, wakali, wenye chale nyingi. Sasa, vinyago vya Kimakonde vilivyoitangaza Tanzania duniani vilichongwa kwa sehemu kubwa na hao hao. Tangu vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilipoanza mwaka 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kushambuliwa Oktoba 2020, mtu wa ng'ambo ameanza kuangaliwa kwa jicho jingine tena, ingawa wengi wana ndugu pande zote mbili. Kila aliye pembezoni ana pembezoni yake.

Kama unataka kuona kwamba si tabia ya Tanzania peke yake, angalia Kenya. Kaskazini yake ilifungwa na wakoloni kwa sheria za mwaka 1902 na 1934. Hukuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya Uhuru, waraka wa serikali wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo zipelekwe kwenye maeneo yenye mvua na ardhi nzuri ili zizae haraka. Matokeo yake mtu wa Marsabit akipanda gari kwenda Nairobi alizoea kusema anakwenda Kenya. Huko kaskazini ndiyo laana, kwenu kaskazini ndiyo sifa. Mshale wa dira ni mmoja.

Sasa nyumbani. Shangazi usimwambie kwamba amekosea, maana hatakusikia, na kwa sehemu hakukosea. Alisikia habari za kweli za mwaka 1985. Mwambie Newala iko juu ya uwanda, si pwani, na asubuhi za mwezi wa saba utahitaji sweta, jambo ambalo mtu wa Moshi ataliamini. Mwambie kuna mahali panaitwa Shimo la Mungu, pembeni kabisa mwa mji, ambapo uwanda unakatika na unaona bonde la Ruvuma lote hadi Msumbiji. Basi za moja kwa moja kutoka Dar zipo. Ukipenda kupumzika njiani, shukia Masasi, ulale, asubuhi upande Newala.

Ukifika, fungua mizigo yote wiki ya kwanza, hata vitabu. Watu wa hapo wameshaona walimu wengi wanaoishi kwenye begi, na wataangalia hilo kabla hawajaangalia cheti chako.